Macho makavu bila dawa: kinachosaidia kwetu Nyanda za Juu Kusini, na unachoweza kuachana nacho

Ukiwa na macho makavu, dalili ya kwanza inaweza kuwa machozi mengi. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Umepanda bodaboda kutoka Mafiat kwenda Iyunga, upepo unakupiga usoni, machozi yanatiririka hadi shavuni, halafu mtaalamu wa macho anakuambia una ukavu. Unamwona kama hakukusikiliza. Lakini yuko sahihi. Uso wa jicho ukikauka, neva zilizoko kwenye kioo cha mbele cha jicho hutoa taarifa, na tezi kubwa iliyo juu ya jicho, upande wa nje, humwaga maji kwa wingi. Ni maji yaleyale yanayokutoka unapokata vitunguu. Yanaosha lakini hayakai. Muda si mrefu jicho limekauka tena na ile hali ya kuhisi mchanga imerudi.

Mimi nina steshenari hapa Mbeya. Kazi yangu ni kuchapa: ripoti za wanafunzi, barua za kesi, mihtasari ya vikao, kadi za michango. Asubuhi hadi jioni niko mbele ya kompyuta, katika mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye kiangazi kirefu, vumbi na majiko ya mkaa kila kona. Nimeishi na macho makavu kwa miaka kadhaa sasa. Njia zisizo dawa zinazopatikana huku nimezitumia karibu zote, na zile zisizopatikana nimeziulizia kwa wataalamu na kuzisoma. Naweka maoni yangu hapa mwanzoni ili hata asiyemaliza kusoma aondoke nayo: kwa wengi wetu tiba inayostahili kuanza ni joto kwenye kope, joto la kutosha, kwa muda wa kutosha, kila siku. Ila kabla hujaanza, jua jicho lako linakauka kwa sababu gani.

Machozi si maji matupu. Yanayokaa juu ya jicho ni utando mwembamba wenye sehemu tatu: chini kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, katikati kuna maji yenye chumvi na protini, na juu kabisa kuna mafuta. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogondogo zilizopangwa ndani ya kope, 25 hadi 40 kwenye kope ya juu na 20 hadi 30 kwenye kope ya chini. Midomo yake iko pembezoni mwa kope, nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Zinaitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Kazi ya mafuta yale ni kuyafunika maji yasikauke na upepo.

Anayetumia mawese ya Kyela anajua chupa inavyoamka asubuhi ya Juni hapa Mbeya. Mafuta yameganda, unageuza chupa kichwa chini na hakitoki kitu mpaka uitumbukize kwenye maji ya moto. Kwenye kope za mtu mwenye tatizo hili hutokea vivyo hivyo: mafuta yamekuwa mazito, yameziba midomo ya tezi, hayatoki unapopepesa. Maji yanabaki wazi na yanakauka upesi. Huu ndio ukavu unaowapata watu wengi zaidi. Upo mwingine ambapo tezi ya maji yenyewe haitoi ya kutosha, na wapo wenye yote mawili kwa pamoja.

Utajuaje wako ni upi? Nenda ukapimwe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kitengo cha macho, na ukiwa Iringa au Njombe ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa. Vipimo vyenyewe ni vyepesi. Kimoja ni kikaratasi chembamba kinachoning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, maji yako ni machache kweli. Kingine ni rangi ya njano inayowekwa jichoni, mpimaji anakuambia usipepese, naye anahesabu sekunde mpaka utando wa machozi uanze kupasuka. Ukipasuka kabla ya sekunde 10, hauko imara. Kisha atakubinya kope kidogo aone mafuta yanayotoka: yawe mepesi na maangavu, au mazito ya njano, au yasitoke kabisa. Ukiondoka hapo bila kujua jibu la hivyo vitatu, rudi uulize kwa adabu. Ni haki yako, na ndilo jambo litakalokuokolea pesa nyingi.

Sasa tuje kwenye joto, na hapa naomba uvumilivu wako maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa bila sababu.

Ushauri wa kawaida ni "weka kitambaa cha moto machoni dakika kumi". Mtu anachovya kitambaa kwenye maji ya moto, anakikamua, anakiweka, analala dakika kumi, na baada ya siku tatu anasema haikusaidia. Haiwezi kusaidia. Ili mafuta yaliyoziba yalainike, joto upande wa ndani wa kope linatakiwa kufika nyuzi 40 za Selsiasi hivi. Kitambaa kilicholowa hupoteza joto ndani ya dakika mbili tu, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai hata dakika hizo ni nyingi. Kwa hiyo mtu yule alipata joto la dakika mbili, na dakika nane zilizobaki alilaza kitambaa baridi usoni.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nina chupa ya chai yenye maji ya moto, bakuli lenye mfuniko, na vitambaa viwili vizito vya taulo ambavyo havifanyi kazi nyingine yoyote ndani ya nyumba. Nachanganya maji ya moto na ya baridi kwenye bakuli mpaka yawe ya moto ila mkono unaweza kukaa ndani bila kuruka. Nakamua kitambaa cha kwanza, nakijaribu upande wa ndani wa kifundo cha mkono, nalala chali, nafumba macho, nakiweka. Cha pili kinabaki kwenye bakuli, mfuniko juu. Kila baada ya dakika mbili nabadilisha, na maji yakianza kupoa naongeza kutoka kwenye chupa. Dakika kumi zinatosha. Usitafute kuzidisha moto ukidhani utapona haraka: ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yoyote mwilini, na joto la kupita nyuzi 45 linaweza kuiunguza.

Asiyetaka kazi ya kubadilisha vitambaa atumie joto kavu. Chukua soksi safi ya pamba, jaza mchele mkavu kiasi cha kufunika macho yote mawili, funga. Mwenye maikrowevu aipashe nusu dakika. Asiye nayo aiweke juu ya mfuniko wa sufuria linalochemka, akiigeuzageuza mpaka ipate joto. Mchele hutunza joto muda mrefu kuliko kitambaa kilicholowa, kwa hiyo huhitaji kubadilisha. Ila uwe mwangalifu: katikati panaweza kuwa pa moto kuliko nje. Itikise, ijaribu mkononi, ndipo uiweke machoni. Mimi binafsi nikiwa nimechoka natumia soksi. Nikiwa na nafasi natumia vitambaa, kwa sababu unyevu wake unalainisha pia magamba yanayoganda kwenye nywele za kope.

Joto likiisha, kazi haijaisha. Mafuta yamelainika, sasa yasindikizwe nje. Nawa mikono kwa sabuni. Kwa ncha ya kidole, sukuma kope ya juu taratibu kushuka kuelekea kwenye nywele, na kope ya chini taratibu kupanda. Macho yamefumbwa wakati wote. Usibinye jicho lenyewe, na usifikiche. Jicho lililotoka kwenye joto likibinywa kwa nguvu mara kwa mara, kioo chake cha mbele kinaweza kupoteza umbo. Baada ya hapo utaona ukungu kidogo kwa dakika chache. Ni mafuta yametoka. Usikimbilie kuendesha pikipiki.

Fanya kila siku, na usitoe hukumu kabla ya mwezi kuisha. Mimi nimeliambatanisha na taarifa ya habari ya saa mbili usiku: sauti naisikia, macho yamefunikwa. Ukipata nafuu usiache kabisa, maana tezi hizi huziba tena. Wasiotakiwa kujipasha joto ni wenye kope iliyovimba na kuuma kwa maambukizi, waliofanyiwa upasuaji wa macho karibuni, na wale ambao ngozi yao imepungukiwa hisia. Hao waanzie kwa daktari.

Kusafisha kope kunakwenda sambamba na joto, hasa kama unaamka na magamba kwenye nywele za kope. Maji yaliyochemshwa yakapoa na kipande cha pamba safi vinatosha kwa wengi: futa pembezoni mwa kope kwa ulalo, jicho moja kwa pamba yake. Zamani ilishauriwa sana kutumia shampuu ya mtoto iliyozimuliwa. Siku hizi wataalamu wengi wameipunguzia sifa kwa sababu hata ikiwa laini, ni sabuni, na sabuni si rafiki wa ute na mafuta unayojaribu kuyarudisha. Kuna pia mafuta ya mchai (tea tree, si mti wa chai ya kunywa), yanayouzwa kwenye vichupa na kusifiwa kwamba yanaua wadudu wadogo wa kwenye kope. Yakiwa hayajazimuliwa kitaalamu yanaunguza jicho. Usiyaguse bila mtu wa macho kukuelekeza.

Jambo la tatu ni kupepesa, na hili halina gharama yoyote. Mtu aliyetulia hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akikodolea skrini hushuka hadi mara 5 au 7, na hata hizo nyingi ni nusu nusu, kope ya juu haifiki chini. Kila kope zinapokutana sawasawa ndipo tone la mafuta linapokamuliwa na kusambazwa. Kwa hiyo saa nane za kompyuta ni saa nane za tezi kutokamuliwa. Si kompyuta peke yake. Shemeji yangu ni fundi cherehani Mwanjelwa, hajui hata kuwasha kompyuta, na macho yake yanawaka kuliko yangu kwa sababu anafuata sindano kutwa nzima. Dereva wa lori anayetoka Tunduma kwenda Makambako yuko kundi hilohilo.

Zoezi lenyewe: fumba macho taratibu, hesabu mbili, yakaze kidogo yakiwa yamefumbwa, hesabu mbili, fumbua. Rudia mara kumi. Mimi huwa nafanya kila ninaposubiri printa imalize. Na kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali, futi 20 au zaidi, kwa sekunde 20. Mbeya tumebarikiwa kwa hili: fungua mlango utazame mlima Loleza.

Kuna jambo moja kuhusu meza ya kazi ambalo sijaona likisemwa sana huku. Steshenari nyingi zimeinua kioo cha kompyuta kwa kuweka rimu za karatasi chini yake. Ukitazama juu, kope zinafunguka zaidi na eneo la jicho linalopigwa na hewa linaongezeka. Toa zile rimu. Kioo kiwe chini ya usawa wa macho, ukitazame kwa kushuka kidogo. Na feni isikupige usoni, igeuzie ukutani.

Hapo ndipo tunafika kwenye mazingira yetu. Anayeishi Tukuyu, mvua na ukungu karibu mwaka mzima, hawezi kufanana na anayeishi Chunya au bonde la Usangu mwezi wa Septemba. Na upepo wa Makambako hauhitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kushuka kwenye basi pale. Kati ya Julai na mvua za Novemba, ukitoka nje vaa miwani inayokumbatia uso pembeni. Si lazima iwe ya gharama. Miwani ya plastiki wanayovaa mafundi wa mbao, ile yenye ubavu, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na inazuia upepo kuliko miwani mingi ya urembo. Kwenye bodaboda, funga kioo cha helmeti. Kwa mwenye ukavu mkali zipo miwani maalumu zenye ukingo laini unaoziba kuzunguka jicho na kutunza unyevu ndani. Zinasaidia kweli, hasa kwa wale ambao maji yao ni machache, ila huku kwetu ni vigumu kuzipata.

Watu huniuliza juu ya kuweka beseni la maji chumbani ili hewa ipate unyevu. Linafanya kitu, lakini kidogo. Kwenye chumba chenye upenyo mkubwa chini ya mlango hutaona tofauti. Nguo zilizofuliwa zikianikwa ndani usiku hufanya zaidi ya beseni.

Moshi nausema kwa uzito wake. Niliwahi kukaa na mama mmoja muuza viazi Uyole, mtu wa makamo. Baada ya shikamoo na habari za shamba akaniuliza, "Mwanangu, mimi sina kompyuta wala hiyo simu kubwa. Sasa macho yangu yanakaushwa na nini?" Nikamuuliza anapika wapi. Jikoni ndani, kuni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Moshi unavuruga ule utando wa mafuta na kuchokoza jicho, na kwa mwanamke aliyefika umri wa kukoma hedhi, mabadiliko ya homoni nayo yameshapunguza mafuta na maji. Kwa mama kama yule hakuna kitambaa kitakachoshinda moshi wa kila siku. Nilimshauri ahamishe jiko uani au atoboe tundu la moshi juu, na wanawe wachangishane mtungi wa gesi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sisi wenye wazazi vijijini tusisubiri mwaka huo. Na kwa wenzetu wa Makete na Mufindi: jiko la mkaa msiliingize chumba cha kulala. Macho ni jambo dogo hapo, ile hewa yake inaua watu usingizini.

Chakula nitakipitia haraka. Vidonge vya mafuta ya samaki vinauzwa kama tiba ya macho makavu, na vina bei. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata watu 535 wenye macho makavu kwa mwaka mzima. Baadhi walipewa miligramu 3,000 za omega-3, yaani mafuta ya samaki, kila siku, wengine mafuta ya zeituni wasijue ni yapi. Wote walipata nafuu ya aina moja. Mafuta ya samaki hayakushinda. Kwa hiyo kula usipa wa Ziwa Nyasa kwa sababu ni chakula kizuri na watoto wanaupenda, lakini usikope pesa kununua vidonge.

Machozi bandia sijayaweka kwenye tiba kubwa, ingawa nayatumia. Si dawa kwa maana ya kuponya, ni kilainishi. Yanasaidia saa hiyo. Ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yale yasiyo na kihifadhi, kwa kawaida huja kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, kwa sababu kihifadhi kinachotumika sana, benzalkonium kloridi, chenyewe kinaudhuru uso wa jicho kikiwekwa mara nyingi.

Sasa zile mashine tunazoziona mtandaoni. Iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, LipiFlow, inapasha kope kutoka ndani kwa dakika 12 huku ikizikamua kutoka nje. Kanuni yake ni ileile ya kitambaa chako, ila joto lake ni la uhakika. Huko ughaibuni bei yake huwa mamia ya dola na mara nyingi zaidi, matokeo hudumu kwa miezi, kisha unarudi. Tafiti hazikubaliani inazidi kwa kiasi gani joto la nyumbani linalofanywa kila siku kwa nidhamu. Kwa kipato chetu jibu langu ni moja: weka nidhamu kwenye chupa ya chai.

Ya pili ni ile ya mwanga mkali unaopigwa kwa mimweko chini ya macho, inayoitwa IPL. Ilitoka kwenye kliniki za ngozi, na Marekani iliidhinishwa kwa macho makavu mwaka 2021. Hapa nataka kila Mtanzania mwenye ndugu nje anisikilize. Mwanga huo hunyonywa na rangi ya ngozi. Kwenye ngozi nyeupe rangi ni kidogo, mwanga unapita kwenda kwenye mishipa ya damu inayolengwa. Kwenye ngozi nyeusi rangi yenyewe ndiyo inayoumeza, na matokeo yanaweza kuwa kuungua na mabaka meupe yasiyoondoka. Wataalamu hugawa ngozi katika makundi sita kwa kipimo cha Fitzpatrick, na vifaa vya aina hii kwa kawaida huishia kundi la nne. Wengi wetu tuko la tano na la sita. Ndugu yako akikuambia njoo huku kuna mashine ya macho, muulize kwanza kama ni ya mwanga.

Kwa wale ambao kikaratasi kilionyesha maji ni machache, joto peke yake halitoshi. Tiba inayostahili kuulizwa ni vizibo. Kwenye kona ya ndani ya kila kope kuna kitundu kidogo ambacho machozi hupitia kwenda puani. Ndiyo maana ukilia makamasi yanakutoka. Daktari anaweza kuziba kitundu hicho kwa kijizibo cha silikoni, au kwanza kwa kinachoyeyuka ili aone kama kinakufaa. Machozi machache uliyonayo yanabaki jichoni. Ilielezwa kitaalamu tangu mwaka 1975, inafanyika ukiwa umekaa kitini, na kijizibo kinaweza kutolewa. Kope zikiwa na uvimbe zitibiwe kwanza, la sivyo unafungia uchafu ndani. Kama haipatikani ulipo, omba rufaa. Muhimbili, KCMC na CCBRT wana wataalamu wa macho waliobobea. Na kama pamoja na macho, mdomo wako pia ni mkavu na viungo vinauma, mwambie daktari. Upo ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tezi, na huo hautibiwi kwa kitambaa.

Yapo mambo ninayokusihi usiyaweke jichoni hata anayekushauri akiwa mtu unayemheshimu: asali mbichi, maziwa ya mama, mkojo, maji ya sukari, majani yaliyotwangwa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba karibu robo ya wagonjwa wenye vidonda kwenye kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Nina hofu hiyohiyo na matone ya duka la dawa yenye steroidi, ambayo mtu hupewa kwa kuonyesha tu jicho jekundu. Yanapoza upesi, ndiyo maana yanapendwa, lakini yakitumika bila usimamizi huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Na ukienda kliniki, beba dawa zote unazokunywa, hata zile za mafua. Piriton na ndugu zake, amitriptyline, na baadhi ya vidonge vya presha hupunguza machozi. Huenda kubadilishiwa kidonge kimoja kukakusaidia kuliko yote niliyoandika, ila asibadilishe mwingine zaidi ya daktari aliyekupa. Usisubiri miadi ikiwa jicho linauma kwa nguvu, haliwezi kabisa kuvumilia mwanga, kuona kumepungua ghafla, linatoa usaha, au unaona doa jeupe kwenye mboni. Hapo nenda siku hiyohiyo, na usiweke kitu chochote jichoni njiani.